Tafuteni Kwanza Maji Yatatokea Wapi

Wajukuu wangu, nimesikia mmenunua ekari mbili kule tambarare za Konza, na kwamba mnataka mitaro iwe imekwisha kabla mvua za vuli hazijaanza. Nimefurahi kwamba mmefikiria mitaro kabla ya kufikiria ua na geti. Wengi huanza na geti. Lakini huyo aliyewaambia mchimbe kama tulivyochimba huku vilimani Iveti amewapa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayowazamishia mahindi.

Huku kwetu udongo ni mwekundu. Una mfinyanzi ndani yake, sikatai, lakini una mchanga wa kutosha na vijitundu vya kupitishia maji. Mvua ikikatika alasiri, mtaro uliojaa unakuwa umekwisha kunywa maji yake kufikia asubuhi. Kwa udongo wa namna hiyo mtu huchimba mtaro uliolala sawa kabisa, usioelekea kushoto wala kulia, na maji husimama humo yakazama. Udongo unaotoka ukiutupa upande wa juu wa mteremko, hiyo ni fanya juu. Ukiutupa upande wa chini ukawa tuta la kuyakinga maji, hiyo ni fanya chini. Fanya juu ndiyo iliyogeuza miteremko ya Machakos kuwa ngazi: udongo unaoshuka na mvua hunaswa nyuma ya tuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka kipande cha shamba kinalala chenyewe bila mtu kukisawazisha.

Ngazi hizo mnazipiga picha mkija Krismasi, ila sidhani kama mnajua zilivyopatikana. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipoona vilima vimebaki mifupa, ilianza kwa kuwapunguzia watu ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kudai mifugo yao. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na jambo la kulazimishwa watu hulifanya ili msimamizi aondoke, si ili lidumu. Fanya juu ilishika mizizi miaka ya 1950, wakulima walipoona wenyewe kwamba inalipa. Baada ya Uhuru kazi ikalegea, kisha miaka ya 1970 ikafufuka kwa nguvu kupitia mwethya, vikundi vyetu vya kusaidiana, ambamo wengi wetu tulikuwa wanawake. Serikali ilileta majembe na sululu kwa msaada wa Waswidi. Migongo ilikuwa yetu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kikieleza jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 huku mmomonyoko ukipungua badala ya kuzidi. Tangu hapo kila mgeni anayekuja na daftari anataka kuziona ngazi za Machakos na kuzipeleka kwao.

Sifa hizo zote ni za kilima. Tambarare ina mambo yake.

Udongo wenu ni ule mweusi, unaovua watu viatu wakati wa mvua. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yanatumbukia kwenye nyufa hizo na mwenye shamba anafurahi kwamba ardhi inakunywa. Siku chache baadaye udongo umefura kama maharagwe yaliyolowekwa, nyufa zimeziba, na kuanzia hapo maji hayana njia ya kwenda chini. Udongo wa mfinyanzi mzito ukishashiba hupitisha milimita chache tu za maji kwa saa, na mara nyingi hata hizo hazifiki. Pigeni hesabu: mtaro wenye maji ya kina cha sentimita 40, yakizama milimita 5 kila saa, unahitaji saa 80 kukauka. Hizo ni siku tatu na zaidi, na hapo nimewahesabia udongo mwema. Kabla haujakauka mvua nyingine imeshaanguka. Mizizi ya mahindi haipumui ndani ya maji. Majani ya chini hugeuka manjano, mtu anakimbilia dukani kununua mbolea, na mbolea nayo inasombwa. Maji yakituama wiki moja au mbili, mayai ya mbu yanakuwa mbu kamili, na nyumba yenu itakuwa pale pale kando ya mtaro.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: kwenye mfinyanzi msichimbe mtaro wa kuyafungia maji. Chimbeni mtaro wa kuyachelewesha na kuyaongoza, na kabla hamjainua jembe mjue yatatokea wapi. Ukianza na mtaro na kuahirisha mlango, mlango utachaguliwa na maji yenyewe, usiku, mahali usipopataka.

Msiniamini mimi kuhusu udongo wenu, uulizeni wenyewe. Chukueni bonge, lilowesheni, lisokoteni kati ya viganja mpaka liwe uzi mwembamba. Uzi huo ukikubali kupindwa kuwa pete bila kupasuka, huo ni mfinyanzi mzito. Kisha chimbeni shimo la upana wa ndoo, kina sentimita 60, mahali mtaro utakapopita. Lijazeni maji jioni, yaacheni usiku kucha ili udongo ushibe, asubuhi lijazeni tena, chomekeni kijiti chenye alama na mtazame maji yanavyoshuka kila saa. Msipime kwa maji yale ya kwanza, nyufa zitawadanganya. Yakishuka sentimita mbili au tatu kwa saa, mna bahati, na mtaro mlalo wa kilimani utawafaa. Yakishuka chini ya sentimita moja, endeleeni kunisikiliza. Tena msichimbe shimo moja tu. Chimbeni juu, katikati na chini, maana tambarare inaonekana moja kwa macho lakini chini yake mahali pengine pana maramu, udongo wenye changarawe, na maramu hunywa.

Sasa hesabu ya pili, ambayo vijana wengi huiruka kwa sababu ni ya shule ya msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mtaro wa mita 50 unaopokea maji ya kipande cha mita 20 kilicho juu yake unahudumia mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 40, ya alasiri moja ya Novemba, inaangusha hapo lita 40,000. Udongo umeshiba, tuseme nusu tu ndiyo inayotiririka, yaani lita 20,000. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, vipimo vile vya kilimani, unabeba lita 18,000 basi. Lita 2,000 zimebaki zikitafuta pa kwenda. Zitatafuta mahali palipo chini kabisa kwenye tuta lenu, hata pakiwa chini kwa upana wa kidole, na zikipata upenyo hazitaacha mpaka zimechonga korongo. Na sijahesabu maji ya barabara wala ya paa la mabati.

Mlango basi. Siku mvua inaponyesha, jifunikeni gunia mkatembee shambani mkaone maji yanavyokwenda. Tambarare ile hudanganya macho kuliko kilima: unaapa kwamba maji yataelekea barabarani, kumbe yanarudi nyuma ya nyumba. Mkishaijua kona yake ya chini, andaeni njia ya kuyafikisha hapo, pana, isiyo na kina, yenye nyasi za kutambaa zilizoshika vizuri. Nyasi hizo zipandwe msimu mmoja kabla ya kupewa kazi, maana njia tupu ya mfinyanzi ni korongo linalosubiri mvua. Kinywa cha mtaro kiwe na upana wa mita moja hadi mbili, sentimita 20 hivi chini ya kichwa cha tuta, kipangwe mawe, na kikae kwenye ardhi ambayo haijachimbuliwa. Msikikate katikati ya tuta lenyewe. Udongo wa kujaza haujawahi kushindana na maji yanayomwagika juu yake.

Pale chini ndipo ningechimba silanga, bwawa la kukusanyia maji. Udongo huo mnaoulaumu kwa kukataa kunywa ndio huohuo utakaowahifadhia maji mpaka Januari bila kutandika nailoni, mradi hamkufika kwenye maramu. Kabla ya silanga wekeni kishimo cha kunasia tope, mkizoe kila baada ya mvua kubwa, la sivyo miaka michache tu mtakuwa na kidimbwi cha matope. Kingo zake zilale, zisisimame. Halafu ua. Hapa sibembelezi. Kingo za mfinyanzi uliolowa huteleza, mtoto akiingia hawezi kutoka, na nchi hii huzika watoto waliozama kwenye silanga karibu kila msimu wa mvua. Kama fedha ya ua haipo, silanga lisubiri.

Kupima mteremko kunahitaji subira kuliko nguvu. Sisi tulitumia kipimo cha herufi A: fito mbili za mita mbili zilizofungwa pamoja kileleni, miguu ikiachana mita mbili, ufito wa tatu umekatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka kileleni. Kukifundisha kipimo ukweli ni rahisi. Kisimamisheni penye vigingi viwili, wekeni alama uzi unapogusa ufito wa kukatiza, kisha kigeuzeni mguu wa kushoto uwe pa wa kulia, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo mlalo wa kweli, hata kama fito zenu zimepinda. Kwa mtaro mlalo ungetembea nacho hivyohivyo, ukichomeka kigingi kila hatua. Kwenu ninyi mtaro unatakiwa ushuke kuelekea mlangoni, sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100. Mkitaka zile 50, fungeni kibao cha unene wa sentimita moja chini ya mguu unaotangulia, mwanzie juu mkielekea mlangoni, na msiugeuze mguu huo hadi mwisho. Mkitaka pole zaidi, kibao kiwe nusu ya unene huo. Mteremko ukizidi sana maji yatakula sakafu ya mtaro. Ukipungua sana tope litalala njiani.

Hata hivyo, kwenye ardhi tambarare kama ile mimi ningemwita fundi wa ujenzi na mpira wake mwangavu uliojaa maji, ule anaopimia msingi. Hauna ubishi. Kipimo cha herufi A kikikanyaga bonge moja la udongo au kichaka cha nyasi kinakosea sentimita mbili, na ninyi sentimita mbili hamna za kupoteza. Na hicho kipimo kilichomo kwenye simu zenu, kitumieni kutundikia picha ukutani.

Kuhusu kumaliza kabla ya vuli, sahauni. Septemba udongo ule ni jiwe; mtaimbo unaruka na kurudi usoni. Novemba ni uji, na mtu akichimba mfinyanzi uliolowa, beleshi linaupaka ukuta wa mtaro mpaka unang'aa na kuziba hata vijitundu vichache vilivyokuwepo. Wakati wake ni mwanzoni mwa mwaka, vuli ikishapita, udongo ukiwa bado una unyevu lakini haunati kwenye jembe. Kabla ya Oktoba hii tengenezeni njia ya nyasi na mlango, na kama mna nguvu, mtaro mmoja wa juu kabisa. Wa juu, nasisitiza. Anayeanza na wa chini anaupa mtaro mmoja maji ya shamba zima. Vuli yenyewe, ambayo huku Ukambani ndiyo mvua ya kutegemea kuliko masika, itawaonyesha mengine yakae wapi.

Umbo nalo libadilike. Kuta zilizosimama wima za kilimani hazidumu kwenye udongo mweusi. Hufura, hupasuka, huanguka ndani. Chimbeni mtaro mpana, mita moja na nusu juu, kina sentimita 40, kuta zimelala. Unabeba maji karibu sawa na ule mwembamba wa kina, na ng'ombe akitumbukia anatoka mwenyewe. Mkimaliza, kwaruzeni kuta kwa jembe la meno ili ule mng'ao uondoke.

Tuta ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kila mtu hudhani ni kurundika tu. Udongo wa juu, ule wenye mboji, utengeni kando kwanza. Mahali tuta litakapokaa ng'oeni nyasi na mizizi, mkwaruze ardhi kwa jembe, ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Mkirundika juu ya nyasi mmetengeneza mfereji chini ya tuta bila kujua. Acheni nafasi ya sentimita 30 kati ya ukingo wa mtaro na mguu wa tuta, udongo usirudi ndani. Kisha jazeni udongo wa chini kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ivunjwe mabonge na ishindiliwe vizuri kwa gogo na miguu kabla ya nyingine. Hapo ndipo mwethya ulipokuwa na raha yake, watu ishirini wakikanyaga pamoja. Ninyi wawili mtachoka, kwa hiyo alikeni watu na mpike. Tuta lipandishwe robo zaidi ya urefu mnaoutaka, maana litakaa chini. Liwe pana kwenye kitako, mara tatu au nne ya urefu wake au zaidi, si lile lililochongoka linalopendeza kwenye picha. Mwisho kabisa ule udongo wa mboji urudi juu.

Halafu lifunikeni. Tuta tupu la udongo mweusi Februari litapasuka kutoka kichwani hadi kwenye mguu, na mvua ya kwanza ya masika itapita ndani ya ufa huo kimyakimya. Kwa juu tuta ni zima, ndani linatobolewa. Mnakuja kujua likiwa limelala. Nyasi ni lazima, na matandazo mpaka nyasi zishike. Mbaazi zinakaa vizuri kwenye ubavu wa chini, mizizi yake inakwenda mbali na mnakula. Miti mikubwa msiipande juu ya tuta. Mwembe au mpera ukae mita kadhaa chini yake, unyevu utaufuata huko. Na mwishoni mwa Februari na tena mwishoni mwa Septemba, mmoja wenu apite juu ya kila tuta na jembe. Ufa ukipatikana, usimwagiwe udongo juu juu: uchimbueni hadi mwisho wake, mjaze upya, mshindilie.

Katikati ya mtaro na mtaro bado mahindi yatataka kuinuliwa miguu. Limeni matuta mapana ya kupandia, kama mita moja kila moja, yenye mifereji midogo katikati inayoshuka pole hadi kwenye mtaro mkubwa. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya utafiti wa kilimo, huko India walifanyia kazi mpango wa namna hiyo kwa udongo mweusi kama wenu, na Ethiopia pia wameutumia kwenye nyanda zao. Samadi mwageni kila mwaka, si kwa ajili ya rutuba peke yake. Mboji ndiyo inayoupa mfinyanzi vijitundu, na baada ya misimu kadhaa lile shimo la kupimia litawapa jibu jingine.

Mitaro isikaribie nyumba. Udongo ule ukilowa upande mmoja wa msingi na kukauka upande mwingine, ukuta unapasuka, na hakuna rangi inayoficha ufa huo. Choo cha shimo nacho kiwe mbali na silanga, pasipo njia ya maji yanayoingia humo.

Limebaki la jirani. Maji yenu yatatokea kwenye kona, na ng'ambo ya kona hiyo kuna shamba la mtu. Hata kama yalikuwa yakienda huko tangu zamani, zamani yalikwenda yametawanyika. Ninyi mnayakusanya na kumpelekea mahali pamoja. Nendeni kwake kabla ya kuchimba, nendeni na sukari na majani ya chai, mwonyesheni vigingi, mwulizeni kama naye angependa maji hayo yaingie kwenye silanga lake au yapite kando hadi kwenye mtaro wa barabara. Akikataa, hamna mlango upande huo, na mpango wote unapimwa upya kutoka juu. Kazi ya siku mbili tatu za vigingi, basi. Akikubali, makubaliano yaandikwe, mzee wa mtaa awe shahidi, kisha njooni mchukue sululu zangu mbili. Beleshi mtanunua, langu limeisha ncha.